Mama Cosima na Mke Mwenza wa Chuma

Cosima Galeandro, mjane wa Tejada
Taranto 1911 – Mar del Plata 1976

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na jikoni kwako kila mtu bado anakaa palepale ulipompangia. Kiti chako hakuna anayekikalia. Cataldo alijaribu siku moja, tukamtazama tu, akainuka mwenyewe.

Watu wa gazeti wametuambia kwamba tangazo la kumbukumbu huwa fupi. Tumewajibu kwamba marehemu hakuwa mtu wa maneno machache. Ninayeandika ni mimi Asunta, kifungua mimba wako, kwa niaba ya wanao wote, maana Cataldo hana subira na kalamu na Rufina huanza kulia kabla hajafika mstari wa pili.

Kuna jambo limetukaa rohoni tangu siku ya mazishi. Bwana mmoja mwenye koti la kupendeza alimwambia mwenzake, tena karibu kabisa na jeneza lako, kwamba Calingasta ilikuwa nyambizi mbovu tangu ilipokuwa mchoro kwenye karatasi. Alidhani hatusikii. Wewe ungegeuka ukampa yake papo hapo, kwa sababu katika mji huu mzima ni wewe peke yako uliyekuwa na haki ya kuitukana nyambizi ile. Wewe ulikuwa mke mwenza wake. Basi acha tuyaseme sisi, kwa mpangilio, na yeye ayasome akiwa anakunywa chai yake ya yerba mate asubuhi.

Ulizaliwa Taranto ukisikia nyundo. Babu Vito, baba yako, alikuwa fundi wa ribiti, zile pini za chuma za kuunganisha mabati, kwenye kiwanda cha meli, na ubavu wa kushoto wa Calingasta, kuanzia chini ya mnara hadi karibu na tezi, kule nyuma, ulipigwa kwa mikono yake. Serikali yetu ya Argentina ilipoagiza nyambizi ile kwa Waitaliano, ilituma na mabaharia wakae kulekule Taranto, waione ikijengwa, wajue kila bomba linatoka wapi na linakwenda wapi. Mmoja wao alikuwa Nicasio Tejada, kijana wa milimani San Juan, ambaye bahari aliiona mara ya kwanza siku alipoitwa jeshini. Jioni moja alimfuata Babu Vito hadi nyumbani kuuliza habari za pampu. Mkampa kome waliojazwa mkate na jibini. Akatafuna na gamba.

"Huyu atakufa kabla hajajibiwa swali lake," ulimwambia mama yako, halafu ukaketi kando yake ukamfundisha kula.

Alipokuja kukuposa, Babu Vito aligoma. "Vitu vile navijenga mimi, kwa hiyo navijua," alisema. "Binti yangu simpi mtu anayekwenda kulala chini ya maji." Baba akatoa ahadi mbele ya ukoo mzima: ataifikisha nyambizi kwao, ataizoesha maji ya kule, kisha ataomba kazi ya karakana, nchi kavu, awe analala nyumbani kama waume wa wenzako. Kwa ahadi hiyo ukafunga ndoa, ukawaaga dada zako, ukapanda meli ya abiria kuja upande wa pili wa dunia. Hukutaka kingine kwa Baba. Hukutaka nyumba kubwa wala hereni. Ulitaka alale nchi kavu.

Ulitangulia wewe kufika. Siku Calingasta ilipoingia bandarini Mar del Plata, rangi yote ikiwa imebanduliwa na mawimbi, ulikuwa umesimama gatini na mimi tumboni. Baba akashuka, akakupungia mkono, kisha kabla hajakufikia akageuka kutazama kama kamba za nyambizi zimefungwa sawasawa.

"Nimeelewa," ulimwambia alipokufikia. "Bi mkubwa ni yeye. Mimi ni bi mdogo."

Gati zima likacheka, na jina likabaki. Kuanzia siku hiyo kambi yote ya wanamaji ilijua kwamba Tejada ana wake wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma, na kwamba yule wa nyama ana mdomo.

Vijembe vyako tunavyo mpaka leo. "Mwenzangu ana kichwa kikubwa," ulikuwa ukisema huku unakanda unga wa tambi. "Akitembea anayumba. Na mume akitoka kwake, ananirudia akinuka dizeli mpaka ndani ya masikio."

Yote yalikuwa kweli, na bwana wa koti angeweza kuyasema kwa maneno ya kitaalamu. Waitaliano walimchorea mnara mpana mno, wakaweka jiko na choo hukohuko juu ili maofisa wasipate taabu. Bahari yetu ya kusini haikuupenda mnara ule. Iliusukuma huku na huku, na nyambizi ilipotaka kuzama ilizama polepole, kama bibi anayeingia kwenye maji ya baridi. Lakini mwili wake ulikuwa na magamba mawili, la ndani la watu na la nje la mafuta na maji, na kwa tumbo hilo la mafuta ilikwenda hadi Tierra del Fuego na kurudi bila kumwomba mtu kitu. Ilikuwa na mirija minne ya topido, yale makombora ya majini, upande wa omo, yaani mbele, na minne upande wa tezi, mzinga mmoja juu ya sitaha, na injini mbili ambazo Baba aliweza kukueleza hali zao kwa kuzisikiliza tu. Ribiti za Babu Vito hazikuvuja hata tone. Hilo nalo ulilisema, ila kwa sauti ya chini.

Ahadi ya Taranto ikaanza kusogezwa. Mwanzoni Baba alisema nyambizi haijayazoea maji ya huku. Halafu betri zake zikaanza kuchoka, na hakuna aliyezijua kama yeye. Halafu Ulaya ikaingia vitani, vipuri vya Taranto vikakatika, na karakana ikawa inachonga kila kitu yenyewe. "Sasa hivi siwezi kumwacha, mama Asunta," alikuambia, "hata wewe unaona." Uliona. Kila mwaka alikuja na sababu mpya na kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililokukera kuliko kama angedanganya.

Ulikwenda mwenyewe kwa Kapteni Larrañaga, mkuu wa nyambizi, ukamwomba amshushe mumeo. Akakupa kiti, akakupa kahawa, akakataa. Ukaenda tena mwaka uliofuata. Baba alipopata habari hakukugombeza, alisema tu kwamba kahawa ya Kapteni ni mbaya na angekuonya mapema.

Na hata katika hasira hiyo hukuwa mchoyo. Mabinti walioolewa na mabaharia walikuwa wakifika hapa kutoka mikoa ya bara, Catamarca, Santiago, hawajui mtu, wanalia kwenye ngazi za nyumba za kambi. Wewe uliwaingiza ndani, ukawalisha, ukawafundisha kuishi na mke mwenza wa chuma: usimuulize mumeo anarudi lini, kwa sababu hajui, usimlishe maharage siku ya kuondoka, kwa sababu ya wenzake. Wengi wao walisimama nyuma ya jeneza lako wakiwa na wajukuu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo bwana wa koti alilisikia nusu.

Kazi ya Baba ndani ya nyambizi ilikuwa uzito. Nyambizi haina tofauti na mizani: kila kilo inayoingia lazima itajwe na mahali ilipowekwa pajulikane, ili maji ya kwenye matangi yasawazishwe mbele na nyuma. Topido likitoka, maji ya uzito uleule huingizwa. Hata mabaharia walipimwa, kila mtu na begi lake. Baba ndiye aliyefanya hesabu hizo, na kabla ya kila mbizi Kapteni alimtazama yeye kwanza.

Msimu mmoja wa baridi, vita bado vikiendelea huko Ulaya, Calingasta ilipangiwa mazoezi marefu kusini. Wewe ulikuwa jikoni na Herminia, mke wa Olmedo, mpishi wa nyambizi.

"Shoga, wanakwenda kula biskuti za bati na nyama ya kopo," ulimwambia. "Mwenzangu hajui kupika. Wangu nitamfungia biringanya."

"Olmedo akisikia hajui kupika ataninunia mimi."

"Mwambie nimesema nyambizi. Yeye sijamtaja."

Ukamfungia Baba chupa za biringanya katika mafuta. Herminia naye akamfungia Olmedo, ingawa ni mpishi. Habari ikapita nyumba hadi nyumba, na kufikia siku ya safari hakukuwa na mke kambini ambaye hakutengeneza chake: nyanya, samaki wa siki, pichi za sukari, soseji. Kila mume akaficha cha kwake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliye mjanja, na wote wakaficha mahali pamoja, chini ya sakafu ya chumba cha topido cha nyuma, kwa sababu pana ubaridi na Kapteni hafiki huko mara kwa mara. Hata Baba, mwenye mizani yake, alizificha zako. Alijiambia kwamba chupa chache si kitu.

Walipopiga mbizi ya kwanza huko kusini, tezi ikashuka na haikutaka kusimama. Baba akaamuru maji ya nyuma yatolewe. Pampu zikafanya kazi, tezi ikazidi kushuka, masufuria ya Olmedo yakateremka yote kuelekea nyuma, hadi nyambizi ikakalia matope kwa makalio. Wakapuliza kwenye matangi hewa yote waliyokuwa nayo. Chuma kikalia, kikashika, na Calingasta ikaibuka na kila mtu wake. Kilichoharibika ni pangaboi moja lililopinda.

Wakiwa njiani kurudi, polepole kwa sababu ya pangaboi lile, wakainua sakafu ya nyuma kukagua. Wakakuta chupa zao zote zimelala pamoja. Kisha wakafanya kitu ambacho ni wao tu wangekifanya: wakala ushahidi. Kapteni alikuwa juu kwenye mnara, na chini watu walikuwa wanakula kwa zamu na kutupa chupa tupu baharini. Olmedo alituambia hajawahi kuona watu wazima wakila pichi kwa huzuni namna ile.

Basi tume ya jeshi ya kuchunguza ajali ikakaa, na ikawa na majibu mawili tu. Ama nyambizi ilichorwa vibaya, nzito nyuma tangu Taranto, ivunjwe. Ama Tejada hajui hesabu. Mabaharia walinyamaza kwa hofu. Baba alinyamaza kwa sababu kusema kungewauza wenzake wote, na wewe juu yao. Na hakuwa tayari kusikia kwamba Babu Vito alijenga jeneza. Akasema makosa ni yake.

Aliingia nyumbani mchana, saa ambayo hatukuzoea kumwona.

"Umeshinda," alikuambia. "Wananipeleka karakana. Kuanzia sasa nalala hapa."

"Ni wewe umeomba au ni wao wameamua?"

"Wameandika kwamba sijui kupima."

Ulikuwa umelisubiri neno lile tangu Taranto, na lilipokuja lilikuja na sura ile. Baba aliketi mezani akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Alimenya vyote vilivyokuwemo ndani, hata vile ulivyoweka vya kupanda. Mimi niliogopa kuliko siku zote alizokuwa chini ya maji.

Kesho yake Herminia alikuja akiwa na uso umevimba. "Shoga, ni chupa," alisema. "Yangu, yako, za wote. Olmedo kaniambia, nimeapa sitasema, na nimekuja kusema. Lakini wewe nyamaza. Mungu kakuwekea mume mkononi. Unataka nini tena?"

"Nataka kuvaa viatu," ulimjibu.

Ukachukua kikapu, ukatia chupa zilizosalia kabatini, ukaenda moja kwa moja kwa Kapteni Larrañaga. Yaliyosemwa huko ulitusimulia mara nyingi, na Kapteni mwenyewe, alipostaafu, alimsimulia Cataldo vilevile, neno kwa neno. Kwa hiyo tunayaamini.

"Bi Cosima," alisema alipokuona mlangoni, "kama umekuja kuniomba nimshushe mumeo, nimeshamshusha."

"Sijaja kuomba. Nimekuja upime." Ukaweka kikapu juu ya meza yake. "Pima moja hiyo. Halafu uwahesabu wake wa mabaharia wako wote, kila mmoja na zake, zote chumba cha nyuma, chini ya sakafu. Ukishamaliza, kama bado kuna kosa la mume wangu au la baba yangu, liandike."

Kapteni alitazama kikapu, akakutazama wewe. "Ni nani aliyewaanzishia wenzake?"

"Mimi."

"Watu arobaini watanyimwa likizo kwa ajili ya kichwa chako."

"Kichwa changu kinatosha, afande."

"Mimi sikuelewi. Umekuja hapa miaka miwili mfululizo ukitaka nimshushe. Sasa ameshuka. Ungekaa kimya tu nyumbani kwako ukapika."

"Nilikuomba umshushe," ulimwambia. "Sikukuomba umwaibishe."

Kapteni alifungua chupa moja, akaonja, akamwita karani wake aandike upya.

Likizo za watu zilifutwa kweli, na kwa miezi mingi wanawake wa kambi walikuwa wakikupita sokoni kama hawakujui. Ulisalimia vilevile. Baba naye alilipata lake, kwa kuwa alizijua chupa na hakuzitaja, lakini kazi yake ya mizani alirudishiwa, na nyambizi haikuguswa tena na tume yoyote. Jioni aliyorudishiwa alisimama jikoni akiwa na kofia mkononi.

"Kwa hiyo biringanya zako ndizo zilizonizamisha."

"Na ndizo zilizokuibua. Kaa ule."

Hakukushukuru kwa mdomo. Alikwenda kukununulia viazi vya kupanda. Tangu hapo, kila Calingasta ilipokuwa inaondoka, mizani iliwekwa gatini, na wake walipanga foleni na chupa zao zipimwe mbele za watu kabla ya kupakiwa. Wewe ulisimama wa kwanza, na ulikuwa ukimwambia baharia wa mizani asikuibie.

Nyambizi ile ilitumika hadi sisi watoto tulipokuwa na watoto wetu. Ilizeeka, ikabadilishiwa betri mara kadhaa, ikawa inatumika zaidi kufundishia vijana. Haikumrushia mtu topido kwa kumuua. Kila aliyeingia kwa mlango wake wa juu alitoka kwa mlango huohuo akiwa hai. Bwana wa koti na atutajie nyambizi ngapi za rika lake zinazoweza kusemwa hivyo.

Siku iliposhushwa bendera yake mara ya mwisho, ulikuja gatini umevaa nguo nyeusi kuanzia kichwani. Padri wa bandarini akakuuliza kwa upole umefiwa na nani.

"Na mwenzangu," ulimjibu. "Ulitaka nivae nini, Baba Padri?"

Basi ndipo Baba akaja kulala nchi kavu. Alilala hapo miaka minne, akapanda nyanya, akakukosoa jinsi unavyopanga masufuria, uzito wote upande mmoja. Kisha naye akatutangulia.

Kiangazi chako cha mwisho tulikuwa tunasaga nyanya wote pamoja uani, na Rufina akakuuliza lile ambalo sote tulikuwa tumelimeza kwa muda mrefu. Alikuwa na machozi, kama kawaida yake.

"Mama, ungenyamaza siku ile, ungekuwa naye karibu miaka yote. Na sisi tungekuwa na baba mezani kila jioni. Hujutii?"

Uliendelea kufuta mikono kwenye aproni hadi ikakauka.

"Mezani mngekuwa na mtu," ulisema. "Anakula, anajibu akiulizwa, analala mapema. Lakini yule asingekuwa Nicasio. Na kwa ajili ya yule mwingine, mimi nisingepanda meli."

Misa itasomwa Jumapili asubuhi katika kanisa la bandarini, na baada ya hapo nyumba ya Mama iko wazi kwa kila mtu, akiwemo bwana wa koti.

Wanaokukumbuka ni wanao Asunta, Cataldo na Rufina. Wakwe zako Anselmo, Nélida na Osvaldo. Wajukuu zako wote, na mdogo wao Vito aliyezaliwa Agosti bila kukuona. Dada yako Teresina, aliyebaki Taranto. Shoga yako Herminia Olmedo, anayesema bado ana hasira na wewe kwa kumtangulia. Na mabaharia wa Calingasta walio hai.

Maadamu tupo, Mama, utakumbukwa.